Cheti Kilichonuka Ugoro

Kwa aliyekosa gazeti la wiki iliyopita, au aliyefungiwa nyama nalo kabla hajalisoma, nitarudia kwa ufupi. Aibu yangu haichuji kwa kurudiwa.

Mwaka ni 1954. Mimi Saruni nilikuwa askari polisi mjini Arusha, na kaptula yangu ya kaki, na vifungo nilivyovisugua kila asubuhi. Kule Kenya Mau Mau walikuwa wamewakosesha Wazungu usingizi, na huku kwetu ikatoka amri kwamba kila mwenye bunduki atembee na cheti chake, na akisimamishwa akitoe. Tukaweka kizuizi cha gogo Oldonyo Sambu, kwenye barabara ya Namanga.

Asubuhi moja akatokea mzee Parsimei, gobori lake mkononi. Lilikuwa gobori la halali, la kulindia mahindi nguruwe wasiyamalize. Mzee huyo ndiye aliyenilea baba yangu alipofariki. Nilimwomba cheti kama amri ilivyosema. Akafungua pembe ya ugoro iliyoning'inia shingoni mwake, akakitoa humo kikiwa kimekunjwa mara nne, akanipa. Nikakisoma, nikaona ni sawa, nikakitia mfukoni mwa shati ili mikono yangu ibaki mitupu.

Hapo nikafanya kosa ambalo askari wa kabila jingine asingelifanya. Kwetu Waarusha mtoto hampi mzee mkono. Huinamisha kichwa, na mzee huweka kiganja chake utosini. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimeshapita jando, sikudaiwa tena jambo hilo. Lakini nilikuwa na miezi minane sijamwona, na moyo ulinituma. Nikavua kofia, nikainama. Naye akahamisha gobori kutoka mkono wa kulia kwenda wa kushoto, apate mkono wa kunigusa, maana kwetu wa kushoto hausalimu.

Inspekta Garrow alikuwa anashuka garini nyuma yetu. Alichoona yeye ni mtu mwenye bunduki, bunduki inasogea, na mkono unashuka juu ya kichwa cha askari wake. Sisi askari tulimwita Bwana Upesi. Akapiga bastola mara moja, na mzee akaanguka ameshika bega la kulia.

"Alikuwa na cheti?" Inspekta akaniuliza.

Cheti kilikuwa mfukoni mwangu, kinanuka ugoro. Nikasema, "Hakutoa, Bwana."

Hapo ndipo tulipoachana.

*

Wasomaji wawili wameniandikia kuniuliza kwa nini nilisema vile. Mmoja ameniita mbwa. Nimetafuta jibu zuri wiki nzima sikulipata. Niliogopa. Bastola ilikuwa bado mkononi mwake, na uso wake ulikuwa unaniomba neno moja tu. Nikampa.

Jioni ile ile nikatia sahihi maelezo. Yalisema kwamba mtu mmoja, Parsimei, alisimamishwa, akaombwa cheti, hakutoa, kisha akamshika askari kichwani. Hayo ya kichwani yalikuwa kweli tupu.

Jumatatu tukapangwa mstari. Inspekta akatangaza kwamba Saruni ameponea chupuchupu, na kwamba kuanzia leo ni koplo. Wenzangu wakapiga makofi.

Tangu siku hiyo Inspekta akawa na desturi ya kunisubiri mlangoni kila asubuhi. Macho yalikuwa mekundu, nadhani hakuwa akilala.

"Alitaka kukudhuru, sivyo, Koplo?"

"Ndiyo, Bwana."

Akishasikia hivyo hupumua, akaenda kunywa chai. Nami nikabaki nimesimama pale. Watu hudhani mwongo ana rafiki angalau mmoja, yule anayemdanganyia. Si kweli.

*

Chumbani kambini nilikaa na Kaanaeli, Mmeru wa Tengeru, mtu wa kanisa na mwenye maneno mengi. Yeye ndiye aliyejitolea kunishonea V yangu ya ukoplo, maana mimi na sindano hatupatani. Akachukua shati, akalinusa.

"Saruni, tangu lini unanusa ugoro?"

"Sinusi."

Akatia vidole mfukoni. Cheti nilikuwa nakihamisha kila siku kutoka shati hadi shati, na siku hiyo, kwa furaha ya kijinga ya kupandishwa cheo, nilisahau. Akakikunjua. Akakisoma neno kwa neno, kidole kikifuata mstari, kama alivyofundishwa kusoma Biblia. Akakaa kitandani.

"Kumbe alikuwa nacho."

"Alikuwa nacho."

"Choma."

"Kaanaeli, ndugu yangu..."

"Choma leo. Mzee atafungwa, atatoka. Wewe wakikukuta na hiki utafungwa mpaka usahau njia ya kwenu. Kama dhambi inakusumbua, nenda kaungame kwa mchungaji. Mchungaji hana pingu."

"Na mzee akifia ndani?"

Akashona V yote, akakata uzi kwa meno, akanirudishia shati bila kunitazama. Kesho yake nikamkuta amehamishia kitanda chake upande wa pili wa chumba. Alisema dirisha la upande wangu linaingiza baridi. Arusha mwezi wa saba baridi huingia kila upande, lakini sikubishana naye.

*

Nilidhani hapo ndipo mwisho wa kudhalilika. Sajini akaniita.

"Yule mzee wa gobori anahitaji mlinzi hospitalini. Wewe unajua Kimaa. Utamlinda wewe."

Kwa hiyo nikapewa bunduki ya serikali, nikasimama mlangoni kumlinda mtu aliyenilea asikimbie. Alikuwa mkono wa kulia umefungwa kifuani, wa kushoto umetiwa pingu kwenye chuma cha kitanda. Angekimbilia wapi?

Siku tatu sikuingia. Nilisimama nje na kuhesabu matundu ya wavu wa dirisha. Siku ya nne sauti ikanijia kutoka ndani, kwa Kimaa.

"Ero, kijana, ingia. Unaburuta mguu wa kushoto kama marehemu baba yako. Nimekusikia tangu siku ya kwanza."

Nikaingia. Kofia sikuivua, nami niliona kwamba ameona.

"Gobori langu liko wapi?"

"Kituoni, baba."

"Lipake mafuta. Wasiojua wataliacha liliwe na kutu."

"Nitalipaka."

"Na karatasi yangu?"

"Ninayo."

Akafumba macho, uso ukalegea, kama mtu aliyeambiwa kuwa ng'ombe wote wamerudi zizini. "Basi hakuna neno. Siku ya shauri utaitoa."

Hakuniuliza kwa nini sijaitoa mpaka leo. Laiti angeniuliza, angenitukana, angegeukia ukutani. Alinisifu kwamba nimenenepa kidogo, akalala. Nikatoka nje na kulia, na bunduki ya serikali mkononi.

*

Kesho yake akaja Yeyo Namelok, mkewe, kwa miguu kutoka Oldonyo Sambu, kibuyu cha maziwa mgongoni. Mama huyu nilimwita Yeyo, yaani mama, tangu nikiwa na miaka saba. Akasimama mbele yangu wima.

"Jambo, askari."

"Yeyo, ni mimi."

"Naomba ruhusa nimpe mfungwa maziwa."

"Yeyo, wewe huhitaji..."

"Kagua kibuyu, askari. Huenda nimeficha bunduki ndani."

Alikuwa hanitanii. Alinishikia kibuyu mpaka nikakifungua, nikachungulia maziwa, nikakifunga. Maziwa yakanimwagikia vidoleni.

"Asubuhi ile nilikunja cheti mimi mwenyewe," akasema kwa sauti ya chini. "Nilikikunja mara nne, nikakitia kwenye pembe, maana mume wangu husahau kila kitu ila ugoro. Wewe umesema hakutoa. Basi kimeliwa na nani?"

Nikafuta vidole kwenye kaptula.

"Nilikulisha miaka kumi," akasema, akapita akaingia.

Alipotoka aliniaga kwa namna ileile. "Kwaheri, askari."

Jumapili nikaomba ruhusa, nikapanda lori la mahindi mpaka Oldonyo Sambu. Nilitaka nipige magoti niseme yote. Mlango wa miiba wa boma lao hufungwa jioni, ng'ombe wakishaingia. Mimi niliukuta umefungwa saa sita ya mchana. Nikaita. Nilisikia watu ndani, nikasikia hata mtu akikwangua sufuria. Nikaita mara ya pili na ya tatu, kisha nikarudi barabarani kungoja lori. Sijawahi kuwa mpweke kama saa ile, na nimekuwa mpweke mara nyingi.

Usiseme nilistahili. Hayo nimeshajiambia.

*

Siku ya shauri mahakama ilijaa. Hakimu alikuwa Mzungu mwenye miwani na mafua. Mzee Parsimei alisimama kizimbani na shuka lake, mkono wa kulia umefungwa kifuani, pembe ya ugoro shingoni. Daktari alikwishasema mkono ule hautapanda tena juu ya bega. Makosa yalisomwa: kubeba bunduki bila kuonyesha cheti katika siku za hatari, na kumvamia askari kazini. Kila mtu alijua kifungo chake ni cha kupasua mawe, na kila mtu aliona bega lile na mvi zile. Akiingia huko hatoki.

Inspekta Garrow alitoa ushahidi wake akitazama buti zake. Kisha nikaitwa mimi.

Yeyo Namelok alikuwa benchi la mbele. Kaanaeli alisimama mlangoni akisoma dari.

"Koplo," hakimu akasema, "mshtakiwa alipoombwa cheti, alikitoa?"

Nilikuwa sijaamua. Hilo nawaambia kweli, maana wengine watasema nilikwenda pale na ushujaa wangu tayari. Nilikwenda na cheti kwa kuwa nilishindwa kukichoma na nilishindwa kukiacha chumbani. Nikamtazama mzee. Alikuwa ananingojea kwa utulivu wote, kama mtu anayengoja mtoto amalize kufunga viatu.

Nikapiga moyo konde. Nikatia mkono mfukoni.

"Alikitoa, Bwana. Hiki hapa."

Mahakama ikavuma. Karani akakichukua, akampa hakimu. Hakimu akakikunjua karibu na pua, akapiga chafya mara mbili, miwani ikamshuka. Watu wakacheka, kisha wakakumbuka mahali walipo.

"Kilikuwa kimewekwa ndani ya nini?"

"Ndani ya pembe ya ugoro, Bwana. Alinipa mkononi kizuizini. Hakunivamia. Niliinamisha kichwa anisalimu, kama mtoto wake."

Inspekta alikuwa amekaa, uso mweupe kama karatasi. Nilimwonea huruma, Mungu anisamehe. Ukweli huo alikuwa akiutafuta na kuukimbia kila asubuhi mlangoni.

Hakimu akachukua maelezo yangu ya zamani, akayaweka kando ya cheti.

"Hapa kuna sahihi yako. Unasema hakutoa. Kama haya ya leo ndiyo kweli, ulidanganya ili mtu afungwe. Unaelewa kwamba utatoka hapa mfungwa?"

"Naelewa, Bwana."

Nilijisikia mwepesi. Nilidhani nimemaliza. Ndugu msomaji, mimi kila nikidhani nimemaliza ndipo ninapoanza.

Hakimu akamgeukia mzee na kumweleza kwa kinywa cha mkalimani. Kama kweli alimpa askari cheti siku ile, basi yeye yuko huru, na askari atashtakiwa. Mzee akamwomba mkalimani arudie.

"Huyu kijana atafungwa?" akauliza kwa Kimaa.

"Ndiyo, mzee."

"Miaka mingapi?"

"Mingi. Pengine saba."

Mzee akafungua pembe kwa mkono wa kushoto, taratibu, akachukua ugoro kidogo, akaunusa, akaifunga. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akauacha Kimaa na kujibu kwa Kiswahili chake cha sokoni, ili hakimu amsikie mwenyewe bila mkalimani.

"Bwana, mimi hapana toa karatasi. Ile siku karatasi iko nyumbani. Mimi nasahau."

Yeyo Namelok akainuka. "Parsimei, unasema nini?"

"Kaa, mama," akamwambia.

Hakimu akavua miwani. "Kama kilikuwa nyumbani, kimefikaje kwa askari?"

"Pengine yeye naokota njiani."

"Kimejaa ugoro."

"Ugoro iko kwa wazee yote, Bwana."

"Askari anasema wewe ni kama baba yake. Unamjua?"

Mzee akanitazama. Nilikuwa nimemtazama usoni miaka mingi, nikijua hasira yake na kicheko chake, na siku ile sikuona hata kimoja. Alinitazama kama anavyotazamwa mtu anayepita barabarani.

"Hapana jua yeye," akasema. "Hii iko askari tu."

Yeyo Namelok akafunika uso na shuka. Neno lile lile alilonipiga nalo mlangoni hospitalini, alipolisikia kwa mumewe lilimliza.

Nami nikaelewa. Alikuwa ananirudishia V yangu, chumba changu, kitanda changu kilicho peke yake upande wa dirisha. Alikuwa tayari kwenda kufa kwenye mawe ili mimi niendelee kuishi, na hakujua kwamba maisha hayo sikuwa na mtu wa kuyaishi naye. Nilimkasirikia. Nilimpenda vibaya sana, na nilimkasirikia.

"Bwana, anadanganya kwa ajili yangu," nikasema.

"Mmoja wenu anadanganya," hakimu akajibu, "na nina maelezo ya sahihi yako yanayokubaliana na yeye. Koplo, una ushahidi gani mwingine kwamba mzee huyu anakufahamu?"

Nikajipapasa mfukoni, kwa mazoea. Mfuko ulikuwa mtupu. Boma la serikali lilitoa cheti cha gobori, cheti cha mbwa, cheti cha kuuza pombe. Cheti cha kulelewa na mtu halikuwahi kutoa.

Nikashuka pale wanaposimama mashahidi bila kuruhusiwa. Karani akasema, "Koplo, rudi." Sikurudi. Hatua mbili zikanifikisha kizimbani. Nyuma yangu nikasikia kiti kikiburuzwa sakafuni, nikajua ni Inspekta amesimama, kama siku ile.

Nikavua kofia, nikaiweka chini. Nikainamisha kichwa mbele ya mzee Parsimei.

Akinigusa, tunajuana, yeye yuko huru na mimi ninafungwa. Asiponigusa, hatujuani. Mkono wake wa kulia ulikuwa umefungwa kifuani, na daktari alisema hautapanda tena juu ya bega. Kwa hiyo nikainama chini kuliko mtoto, mpaka paji langu la uso likagusa ubao wa kizimba.

Nikasikia pembe ya ugoro ikigonga ubao karibu na sikio langu. Alikuwa amesogea. Nikafumba macho, nikangoja mkono.